Ghorofa la Premji na Sahihi Yangu

Mwanangu Deo,

Umekwenda Mshangano kuwaaga wajomba zako, na najua hawatakuachilia mpaka ule ushibe. Kwa hiyo jioni hii ni yangu peke yangu. Nguo zako nimeshazipanga, chandarua kipo, na habari za kuchemsha maji na kwenda misa Jumapili nimekuimbia tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Sitazirudia. Barua hii naiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu, ili usiikute kabla hujafika Tunduru. Huo nao ni uoga, ninaujua. Lakini nisipoandika hivi, sitaandika kabisa.

Unakwenda kuanza kazi ofisi ya ardhi. Watu watakuletea karatasi, watakuambia weka sahihi hapa, na wengi watakuwa watu wa kucheka vizuri. Nimeona si haki uondoke bila kujua mama yako aliwahi kutia sahihi karatasi ya namna gani.

Yote yalitokea kwenye ghorofa la Premji. Siku hizi ni jengo la fremu, vibao vya rangi juu ya kila mlango na kelele za redio. Mimi nililijua lilipokuwa duka moja, la Premji mwenyewe.

Mzee Premji alitoka kwao Kachi, huko India, akiwa kijana, akafikia Lindi kwa mjomba wake aliyekuwa na duka. Mjomba akampa nguo na chumvi aende kuziuza bara. Akauza Tunduru, akauza Namtumbo, mwisho akafika hapa Songea, akajenga kibanda cha udongo na bati. Marehemu babu yako alikikumbuka kibanda hicho. Na mzee alipopata uwezo wa kujenga ghorofa, babu yako ndiye aliyemchomea matofali, kule kule Mshangano, tanuri baada ya tanuri. Vioo vya madirisha vilitoka Lindi kwa lori, vimefungwa mablanketi, na watu walitoka majumbani kwenda kutazama vikishushwa.

Nilipoanza kazi pale nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwa masista, binti wa miaka kumi na minane. Chini kushoto zilikuwa nguo, kulia vyombo na baiskeli, nyuma misumari, chumvi na majembe. Juu kulikuwa na viatu, saa, nguo za kushonwa tayari, na kioo kirefu kuliko mtu. Wakulima wakishauza tumbaku walikuja na wake zao, wakapanda ngazi wakajitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Wengi walikuwa hawajawahi. Niliwahi kumwona mama mmoja akijisalimia.

Usidhani nakupambia. Sisi wafanyakazi tulipanda kwa ngazi ya nyuma, ya mbao, ile ya kubebea mizigo. Ngazi ya mbele ilikuwa ya wateja na ya wenyewe. Jioni tukitoka tulisimama mstari mlangoni, mzee akafungua vikapu vyetu kimoja kimoja. Hakuwa na maneno makali. Alifungua, akatazama, akasema, "Haya, kesho." Miaka tisa nilifunguliwa kikapu. Hasira ile niliilea kama mtoto.

Jaya alikuwa binti yake wa mwisho. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, akawa anatembea kwa fimbo, na kwa sababu hiyo hakuolewa. Ndiye aliyenifundisha kazi ya nguo: kupima bila kuvuta, kukata kwa kufuata uzi, kumtandikia mteja kitambaa begani na si mezani. Alikuwa amenizidi miaka michache tu. Alizaliwa hapa hapa, na alipokasirika alisema Kingoni kabla ya lugha ya baba yake. Tulicheka sana, mimi na yeye. Lakini yeye hakuwahi kufunguliwa kikapu, na mimi sikusahau hilo hata siku moja.

Kisha majengo yakachukuliwa na serikali. Nilikuwepo asubuhi ile. Ofisa aliingia na karatasi, mzee akaisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaikunja. Akatuambia, "Fungueni duka. Wateja wanasubiri." Mwezi haukuisha, jengo likawa duka la kampuni ya mkoa na yeye akawa mpangaji. Alipewa vyumba viwili vya nyuma, juu, ndani ya nyumba aliyoijenga. Wanawe wa kiume wakaenda Uingereza. Walimsihi Jaya awafuate. Akaniambia, "Niende wapi, Agata? Baridi ya Songea nimeizoea. Ya kwao itaniua." Mzee akafia mle mle juu baada ya miaka michache.

Mimi siku ile nilifurahi, Deo. Nilipanda ngazi ya mbele taratibu, nikishika mkono wa ngazi, huku watu wananitazama. Ile furaha siijutii. Ninachokijutia ni kilichofuata. Baada ya muda nikafanywa msimamizi wa duka, na Jaya alikuwa amebaki kama muuzaji wa kawaida, kwenye nguo. Jioni ya kwanza ya usimamizi wangu nilisimama mlangoni nikamwambia afungue mkoba wake. Akanitazama. Akafungua. Kulikuwa na sindano, uzi, kitana na embe. Jioni ya pili hakungoja niseme. Alikuwa anakuja mkoba umeshafunguliwa, ameushika kwa mikono miwili, fimbo ameibana kwapani. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Baba yake alinifungulia mimi miaka tisa, nilijiambia, huu ni mmoja tu.

Kilichonikomesha ni kifo cha baba yako. Ulikuwa na miaka minne. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Jaya hakuondoka. Alitembea kwa fimbo yake kutoka mjini mpaka hapa kwetu, kila siku, majuma matatu. Hakuzungumza sana. Alipika, akakuogesha, akanifulia. Siku ya mwisho akaniambia, "Kesho urudi kazini. Mtoto atakaa kwangu juu mpaka utoke." Ndivyo ulivyokulia kwa Bibi Jaya. Namba ulizisoma kwenye tepu yake ya kupimia nguo. Sare zako zote mpaka kidato cha tatu alishona yeye.

Miaka ya shida unaikumbuka nusu nusu. Foleni za sabuni tangu alfajiri, na sisi nyuma ya kaunta hatuna cha kuuza. Halafu ikaja ruksa ya biashara huria, bidhaa zikaanza kumiminika: mitumba, redio, vitenge, sabuni za rangi zote. Zamani duka lilikuwa tupu kwa sababu mji ulikuwa mtupu. Sasa mji umejaa, na duka bado ni tupu, sababu kampuni haikuweza kushindana na mtu mwenye marobota yake pale sokoni. Wafanyakazi wakapunguzwa, Jaya akiwa wa kwanza. Mwisho nikabaki mimi peke yangu, mtunza funguo wa jengo lisilo na kitu. Jaya alibaki juu na cherehani yake, akishonea watu, na kodi yake alilipa. Kisha tukasikia jengo linauzwa.

Bwana Longino alikuja kuniona asubuhi moja. Yule unayemjua, mwenye malori. Alinisalimia vizuri, akakaa kwenye kaunta tupu kama kijana.

"Mama Deo, jengo nimelipata. Limebaki jambo dogo. Kule juu."

"Juu yupo Jaya."

"Hapo ndipo penye tatizo. Mpangaji wa siku nyingi akiwepo, wanasema lazima nimtafutie pa kukaa kwanza, na yeye apewe nafasi ya kununua vyumba vyake. Itachukua miaka. Wewe ndiye mtunza jengo. Ukithibitisha kwamba kule juu ni stoo, hakuna mtu anayeishi, mambo yanaisha."

"Lakini yupo."

"Mama Deo, ana kaka zake Uingereza. Wewe una nani?" Akapapasa ukuta. "Haya matofali nimeambiwa baba yako ndiye aliyeyachoma. Kweli si kweli? Halafu mkawa mnapita ngazi ya nyuma."

Sijui nani alimwambia. Akasema fremu ya kona, ile yenye kioo kikubwa, itakuwa yangu nikitaka. Kazi ya kampuni ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi ule na wewe ulikuwa bweni, ada inadaiwa. Nikakusingizia wewe moyoni mwangu. Lakini nimekaa na jambo hili miaka sita, na ninajua kwamba ada si kitu kilichonisukuma. Ningeweza kuuza maandazi ukasoma. Wenzangu wamesomesha kwa maandazi. Kilichonisukuma ni lile neno la ngazi ya nyuma. Alilitamka, na mimi nikasikia utamu.

Karatasi ilikuwa imeshapigwa taipu. Nikatia sahihi, nikapiga muhuri wa duka. Kazi yote haikufika dakika moja. Jaya alikuwa juu yetu pale pale. Nilisikia cherehani yake ikienda.

Walikuja mwezi wa tatu, katikati ya mvua. Mgambo sita na vibarua wa Longino. Niliitwa nifungue mlango wa nyuma. Wakateremsha kitanda, godoro, jiko la mafuta ya taa, picha za wazazi wake zenye vigwe vya maua makavu. Cherehani walimpa mtu mmoja abebe, ikamponyoka kwenye ngazi ya mbao. Jaya alishuka nyuma yao, ngazi moja moja, kwa makalio, kwa sababu fimbo yake ilikuwa imebebwa pamoja na vitu. Aliponiona uso wake ukapata nafuu. Mwanangu, nafuu ile ndiyo inayoniamsha.

"Agata! Waambie. Hawa watu wanasema hakuna mtu anayekaa hapa. Waambie mimi ninaishi hapa."

Nikatazama funguo mkononi mwangu. Kiongozi wa mgambo alikuwa mtu wa haraka, mvua inamlowesha. Akaikunjua karatasi akasoma kwa sauti mbele ya watu wote, mpaka jina langu na cheo changu.

Jaya aliniuliza kwa Kingoni, polepole, kama anayeuliza njia, kama jina hilo ni langu.

Nikajibu kwa Kiswahili. "Karatasi zimeshapita, dada."

Alikaa barazani siku tatu, kwenye godoro lililolowa, vitu vyake vimemzunguka. Mji mzima ulipita. Wapo waliompa chai. Wahindi wachache waliobaki mjini walimwita kwao, akakataa. Akasema anangoja kufunguliwa mlango. Mimi nilipita kwa barabara ya pili. Siku ya nne Zuhura, yule mama wa Kiyao anayeuza mboga sokoni, alikuja na mkokoteni, akampakia pamoja na vitu vyake akampeleka kwake Mshangano. Hakumwomba ruhusa. Alimwambia, "Bibi, mlango huo haufunguki. Twende." Zuhura hakuwa ndugu yake wala rafiki yake. Alikuwa anashonewa gauni za watoto, basi.

Kifua kilikuwa kimeshamshika. Zuhura akampeleka hospitali Peramiho. Nilikaa juma zima nikisema kesho, kisha nikapanda kibasi nikaenda. Nilimkuta amelazwa karibu na dirisha, amekuwa mdogo. Zuhura alikuwa anamlisha uji. Aliponiona aliweka kijiko, akatoka nje bila kunisalimia.

"Umefika," Jaya akasema.

"Nimefika, dada."

"Wamekupa fremu ipi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

"Ya kona," nikasema.

Akapumua kwa shida. "Ya kona inaingiza jua la asubuhi. Usiweke nyeusi dirishani, itapauka."

Nikapiga magoti sakafuni, nikaanza kulia, nikasema nisamehe. Akasema, "Agata, simama. Kuna wagonjwa wamelala." Nikasimama. Nikangoja. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aligeukia dirishani. Kisha akauliza, "Deo anafunga shule lini?"

"Mwezi wa sita."

"Usingoje mwezi wa sita. Mwite aje."

Nikasema nitakuita. Nilitoka pale nikijua sitakuita. Ungefika ungemuuliza kimetokea nini, naye angekuambia. Jaya hakuwa mtu wa uongo. Alifariki baada ya siku tano. Wanaume wachache wa kwao walimchoma kwa taratibu za dini yake. Mimi na Zuhura tulisimama mbali barabarani, yeye upande wake, mimi upande wangu. Likizo yako nikakupeleka moja kwa moja Mbinga kwa shangazi yako, na uliporudi nikakuambia Bibi Jaya ameondoka ghafla, kaka zake wamekuja kumchukua, yupo Uingereza.

Ulimwandikia barua tatu. Ulinipa nizipeleke posta kwa sababu nilikuambia anwani ninayo mimi. Ya kwanza ulimweleza matokeo yako. Ya pili ulimuuliza amekosewa nini. Ya tatu ilikuwa fupi. Nilizisoma zote nikazichoma jikoni. Na jibu lilipokuwa haliji, siku moja tukiwa tunakula ukasema, "Wahindi ndivyo walivyo, mama. Wakishapata kwao wanakusahau." Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalimeza, nikamega jingine. Tangu siku hiyo nimekusikia ukilisema neno hilo mara nyingi, kwa wenzako, kwa mzaha, kwa hasira, na kila mara najua aliyekupandia ni mimi. Utalikuta Tunduru duka la Mhindi, utamkuta Mhindi mlangoni mwa ofisi yako na karatasi zake. Usimtazame kwa macho niliyokupa.

Utajiuliza kwa nini hukusikia kwa watu. Wengi walisimama barabarani siku ile, mikono kifuani; nadhani ndiyo sababu hawapendi kuisimulia. Zuhura nilimwomba asikuambie. Akanijibu, "Sitamwambia. Hiyo ni kazi yako, ukafe nayo au uifanye." Padri nilimwambia nimemkosea jirani. Akanipa kitubio cha kumkosea jirani. Sikumtajia jina, sikumtajia ghorofa.

Fremu ya kona ndiyo iliyokufikisha ulipofika. Kila daftari, kila nauli, hata viatu hivi ulivyovikuta juu ya barua. Sikuambii ili uone haya, wewe hukujua. Nakuambia kwa sababu ni kweli. Longino kioo kirefu alikiuza, ngazi ya mbele aliibomoa apate fremu mbili zaidi, na jina la mzee lililokuwa limechongwa juu ya baraza alilichonga likatoka. Vile vyumba viwili vya juu anahifadhi magodoro. Sasa ni stoo kweli. Niliandika uongo, na Longino akausawazisha.

Juma lililopita, ulipokuwa kwenye usaili, alikuja mwanaume wa miaka thelathini hivi dukani kwangu. Mtoto wa kaka yake Jaya. Alijifunza "shikamoo" njiani, akaitamka vizuri. Watu wa sokoni walimwambia, muulize Mama Deo, walikuwa marafiki. Alitaka kujua shangazi yake aliishi wapi na alikufaje. Nilimwonyesha madirisha ya juu. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha masista, alikufa kwa kifua, hospitali nzuri, alihudumiwa. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kuwa rafiki wa shangazi yake. Akaniandikia anwani yake, akaondoka na basi la Njombe. Mimi nikafunga duka saa nne asubuhi nikakaa ndani, gizani, kwenye kiti chake Jaya. Ndiyo, kiti kile ni chake. Nilikiokota barazani.

Sina ushauri wa kukupa, Deo. Ningekuwa na hekima ya kutosha kukushauri, nisingekuwa na barua ya kuandika. Nimekuambia lilivyokuwa, na wewe umekua. Ukiona huwezi kuniandikia, usiandike. Sitakutumia mtu wa kukuulizia, wala sitakuja.

Kesho sitakufikisha stendi. Nitakuambia nimeumwa kichwa, utaniaga hapa mlangoni, na huo utakuwa uongo wangu wa mwisho kwako. Nimemwandikia pia yule mtoto wa kaka yake, kurasa nne, hayo hayo uliyoyasoma, pamoja na jina la Longino na jina langu. Bahasha ipo mezani. Posta inafunguliwa saa mbili. Basi lako litakuwa linakaribia Namtumbo.

Mama yako,
Agata